Kijana wako amebadilika: pa kuanzia ukiwa Dodoma

Tangu nistaafu umatroni wa bweni, wazazi wa huku Chang'ombe hunijia jioni wakiongea chinichini: binti hali, kijana anakesha, mtoto hataki shule. Wote wanauliza wampeleke wapi. Kabla ya wapi, kuna mazungumzo.

Kaeni wawili mkifanya kazi ya mikono. Mkichambua mlenda, halazimiki kukutazama usoni. Sema ulichokiona, si unachokidhania: "Wiki ya pili hii hulali, na mpira umeacha." Kisha nyamaza, hata akichelewa kujibu. Kama amegusia habari za kufa, au anagawa vitu anavyovipenda, muulize waziwazi: "Mwanangu, umewaza kujiua?" Wazazi huogopa kwamba swali hilo litamtia wazo. Halimtii. Wengi huona afadhali kwamba hatimaye kuna aliyeuliza.

Akikubali, asiachwe peke yake, usiku wala mchana. Na hapa kwetu penye mashamba ya zabibu nasisitiza sana: dawa ya kunyunyizia isikae uvunguni wala jikoni. Itoke nyumbani kabisa. Hata vidonge vya presha vya bibi, vifungiwe. Hamu ya kufa mara nyingi hupanda kwa nguvu kisha ikashuka, na kijana asipokuta sumu karibu, mnapata muda wa kumfikisha hospitali. Mpeleke siku hiyo hiyo, iwe General, yaani Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, au Mirembe, hospitali ya afya ya akili.

Kama si dharura, anzia kituo cha afya cha karibu, ila usizunguke. Ukisema kichwa kinamuuma, atapimwa malaria na kurudi na panadol. Sema: "Mwanangu amebadilika, naomba mtaalamu wa afya ya akili, au rufaa." Wakitaka kupima damu, kubali, upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingoni navyo humfanya mtu achoke na kunyong'onyea. Nenda na daftari: hali ilianza lini, analala saa ngapi, anakula nini, masomo yameshukaje, nani kwenye ukoo amewahi kuugua. Halafu toka nje umwache na daktari. Ya bangi, ya mapenzi, ya mjomba aliyemshika, hatayasema ukiwa umekaa pale.

Mirembe ndiyo wengi wanaiogopa, kwa sababu jina lake limegeuzwa tusi mtaani. Inaniuma. Ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, watu wanaifuata kutoka mikoa ya mbali, na sisi tunafika kwa bajaji. Si kila anayeingia getini analazwa: wengi huonwa kliniki na kurudi nyumbani siku hiyo. Mweleze kijana hivyo kabla hamjaondoka. Usimdanganye kwamba mnakwenda kwa shangazi.

Akiambiwa ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni isiyoisha, na kuandikiwa dawa, uliza zitaanza kusaidia lini. Nyingi huchukua wiki kadhaa, na familia nyingi huziacha mapema zikidhani hazifanyi kitu. Zisikatizwe bila daktari. Uliza pia kuhusu unasihi, maana vidonge peke yake mara nyingi havitoshi.

Bibi akitaka maombi, yaendelee, msigombane. Lakini kufungwa kamba, kulazimishwa kufunga kula na kunyimwa dawa, hapo kataa.

Shuleni mtafute mwalimu wa ushauri nasaha, na mkubaliane kwamba habari za mtoto hazitatajwa mstarini.

Kama ameingiliwa kwa nguvu, hospitali iwe ndani ya saa 72, kwa kuwa dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU haingoji. Dawati la Jinsia na Watoto liko polisi, na afisa ustawi wa jamii yuko halmashauri. Namba 116 ni ya simu kwa mtoto, haina malipo, na kijana anaweza kuipiga mwenyewe bila kukupitia wewe. Mpe aiandike.