Uwani uelekee wapi ukijenga Mwanza

Kabla fundi hajachimba msingi nenda kiwanjani saa kumi jioni usimame, kivuli chako kinapolalia ndiko mashariki kwa kukadiria, uwani weka huko. Asubuhi nguo zinakauka fasta, jioni nyumba yenyewe inakupa kivuli unakaa unaparua sato wako kwa raha.

Wengi tunaponzwa na viu ya ziwa, lipo magharibi, basi uwani unageuzwa huko. Mimi mmojawapo, ndala zikiachwa kwenye sementi saa tisa hazivaliki aisee. Kaskazini na kusini sio ishu sana, ikweta ipo karibu, Juni jua linapita kaskazini, Desemba kusini, kipenu kinatosha. Ila jiwe kubwa likiwa karibu na dirisha la magharibi linatunza joto mpaka usiku, lizibe na mti.