Sentensi yakinishi za Kiingereza: anza na kiima, kisha ipime "-na-" yako

Naandika haya baada ya kukaa na binti wa jirani anayejiandaa kuingia kidato cha kwanza. Shule nyingi za msingi za serikali hapa Tanzania hufundisha kwa Kiswahili, kisha sekondari mtoto anakutana na Kiingereza karibu kila somo. Sentensi yakinishi, ile inayosema tu kwamba jambo liko hivi, lazima aiweze mapema. Jedwali la nyakati 12 liweke kando kwanza. Wapo wanaolikariri lote na bado wanashindwa kueleza mama yao anafanya kazi gani.

Hatua ya 1: Toa kiima nje

"Tumefika" ni sentensi kamili kwetu. Kiingereza kinataka mtendaji asimame peke yake mbele: *We have arrived.* Hata mvua inahitaji kiima: *It is raining.* Ukishamtaja mtu, usimrudie. Andika *My mother sells fish*, si *My mother she sells fish*.

Hatua ya 2: Panga maneno

Kiima, kitenzi, halafu anayetendewa: "Nilimwona" ni *I saw him*. Mahali na wakati viweke mwishoni.

Hatua ya 3: Amua "-na-" yako ni ipi

Hapa usiwe na haraka. "Mama anauza samaki" inaweza kumaanisha ndiyo biashara yake, au yuko sokoni sasa hivi anahudumia mteja. Kiingereza kinakulazimisha kuchagua. Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni "hu-". Ukiweza kusema "Mama huuza samaki" bila kuharibu maana, andika *My mother sells fish*. Kama unachotaka kusema ni cha sasa hivi, andika *My mother is selling fish*, na hiyo *is* usiiache. *My mother selling fish* haijakamilika, na *My mother is sell fish* ni kosa.

Kipimo hicho kina mipaka. Vitenzi vya moyoni na akilini kama *know, want, like, need* na *understand* kwa kawaida havikubali *-ing* hata kama jambo ni la dakika hii. "Nataka maji" ni *I want water*, si *I am wanting water*.

Halafu kuna ile *s*. Katika wakati huu wa "hu-", kiima kikiwa *he, she, it*, au mtu mmoja au kitu kimoja unachokitaja, kitenzi kinapata *s*: *Juma works here.* Vinavyoishia na *ch, sh, s, x* au *o* hupata *es*: *teaches, washes, goes*. *Carry* huwa *carries*, lakini *play* ni *plays* tu, kwa sababu kabla ya *y* kuna irabu. *Have* huwa *has*. Wanaoanza huchanganyikiwa na wingi: *My brother works*, lakini *My brothers work*. *Everyone* huhesabiwa kama mmoja, *Everyone knows*, ila *people* ni wengi, *People know*. Na baada ya *can, will* au *must*, *s* inaondoka: *She can sing.*

Hatua ya 4: Yaliyopita

"-li-" hupata kitenzi cha wakati uliopita: *I went, she bought, they sold*. Hapa hakuna *s* ya kuhangaikia. "-me-" hupata *have* au *has*, lakini ukitaja jana, rudi kwenye *I saw him yesterday*. Usichomeke *did* bila sababu: *I did go* humfaa anayembishia mtu aliyesema hukwenda.

Hatua ya 5: Hali na uwepo

"Nina njaa" ni *I am hungry*. "Nina umri wa miaka 14" ni *I am 14 years old*. "Nakubali" ni *I agree*, bila *am*. "Kuna" hufuata idadi: *There is a chair, there are two chairs.*

Hatua ya 6: Andika kuhusu watu wa kwenu

Chukua daftari, andika kila mtu wa nyumbani hufanya nini kila siku, kisha anafanya nini sasa hivi. Soma kwa sauti, ukipiga mstari chini ya kila kitenzi. Programu ya kutafsiri ifungue baada ya hapo, na uikague: "amefika" haisemi ni mwanamume au mwanamke, kwa hiyo programu hubahatisha *he* au *she*, na dada yako anaweza kugeuzwa kaka.