Mwenzi wako anapougua sonona: yapi ya asili yanafaa, na uanzie wapi

Kabla hujanunua chupa yoyote ya virutubisho, chukua karatasi uandike kila kitu ambacho mwenzi wako anameza. Dawa za hospitali, vidonge vya presha, vya uzazi wa mpango, vitamini, majani anayochemsha, hata dawa ya usingizi aliyogawiwa na rafiki. Andika na kipimo chake. Nyumbani kwetu karatasi hiyo imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la nguo, na mume wangu huijaza kwa mkono wake mwenyewe. Mpelekee mfamasia karatasi kama hiyo umuulize swali moja tu: kati ya hivi, kipi hakitapatana na kile ninachotaka kuongeza?

Mume wangu ameishi na sonona kwa miaka mingi. Huja, huondoka, hurudi. Kwake haiji na machozi. Huja na ukimya, hasira za karibu, maumivu ya mgongo yasiyo na sababu, na kuamka usiku wa manane asirudi kulala. Kwa hiyo naandika kwa ajili yako uliye upande ule mwingine wa kitanda, unayetafuta usiku kitu cha kumpa. Nitakuambia mapema ninaloamini: vidonge vya asili vina nafasi, lakini ni ndogo. Nguvu zako nyingi ziweke kwenye usingizi wake, mwanga, miguu yake na namna unavyosema naye. Na yote hayo yaende sambamba na matibabu, yasichukue nafasi yake.

Daktari kwanza, kwa sababu ya msingi kabisa: kuna magonjwa ya mwili yanayojifanya sonona. Tezi ya shingoni ikizembea, mtu huchoka, hunenepa na moyo wake huzama. Upungufu wa damu humfanya aonekane mvivu. Upungufu wa vitamini B12 hugusa mishipa ya fahamu na hisia, na wanaotumia metformin kwa muda mrefu kwa ajili ya kisukari, au wasiokula kabisa vyakula vitokanavyo na wanyama, wako kwenye hatari hiyo zaidi. Omba vipimo hivyo. Hapo ndipo kirutubisho hufanya kazi kwelikweli, pale kinapojaza pengo lililopimwa likaonekana. Daktari pia anaweza kumpa dodoso la maswali tisa liitwalo PHQ-9, lenye alama kuanzia 0 hadi 27. Kuanzia alama 10 sonona huhesabiwa kuwa ya wastani au zaidi. Dodoso hilo lina faida nyingine: likirudiwa baada ya wiki kadhaa, mnaona kama kuna kilichosogea, badala ya kutegemea hali ya jana jioni.

Sasa chupa zenyewe. Ninayoiogopa kuliko zote ni ile yenye ushahidi mzuri kuliko nyingi, mmea wa Hypericum perforatum, unaouzwa kwa jina la St John's wort. Kwa sonona nyepesi na ya wastani umeonyesha kusaidia. Tatizo ni kwamba unaliamsha ini livunje dawa nyingine haraka kuliko kawaida. Vidonge vya uzazi wa mpango hupungua nguvu, dawa za kuzuia damu kuganda hupungua, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hupungua, na za waliopandikizwa figo pia. Ukichanganywa na dawa za sonona za hospitali, serotonini, kemikali ya ubongo inayogusa hisia, inaweza kupanda kupita kiasi mwilini: kutetemeka, jasho, homa, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Hiyo ni dharura ya kukimbilia hospitali. Msimamo wangu ni mkali hapa: kama mwenzi wako anameza dawa yoyote, mmea huu usiingie nyumbani bila daktari kuuruhusu. Hatari hiyohiyo ya serotonini ipo kwenye virutubisho vingine viwili vinavyouzwa kwa ajili ya sonona, 5-HTP na SAMe. Hypericum na SAMe pia zinaweza kumtupa mwenye baipola, ugonjwa wa hisia kupanda mno na kushuka mno, kwenye wazimu wa furaha: halali usingizi, anatumia pesa ovyo, anaongea bila kituo. Ukishawahi kumwona mwenzi wako katika hali kama hiyo, mwambie daktari hata kama hakuulizi.

Mafuta ya samaki ndiyo tuliyoyabakiza. Soma mgongo wa chupa, usisome mbele. Ndani yake mna mafuta mawili ya omega-3, EPA na DHA. Kinachotafutwa ni EPA, na inapaswa kuwa nyingi kuliko DHA. Vipimo vilivyojaribiwa zaidi kwa sonona ni kati ya gramu 1 na 2 za EPA kwa siku. Chupa inaweza kuandikwa miligramu 1000 mbele, kumbe EPA iliyomo ni 180 tu. Faida yake ni ya kiasi na huonekana zaidi yakiongezwa juu ya matibabu. Anayemeza dawa za kuyeyusha damu aulize kwanza. Zafarani, miligramu 30 kwa siku, imefanya vizuri katika majaribio madogo, na ningependa kuona makubwa kabla ya kuitetea. Vitamini D ni muhimu kwa aliyepungukiwa; lakini katika jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa 2020, watu wazima zaidi ya 18,000 walifuatiliwa kwa miaka kama mitano, na waliomeza yuniti 2000 kila siku hawakukingwa na sonona kuliko waliomeza kidonge kitupu. Kava, mmea unaouzwa kama wa kutuliza wasiwasi, iache, imeshaharibu maini ya watu.

Mkiamua kujaribu kitu, kiwe kimoja kwa wakati, kwa wiki sita hadi nane, na mwandike kila jioni usingizi na hali yake kwa namba kati ya 0 na 10. Ukimwanzishia vitu vitatu kwa pamoja na akapata upele, au akapata nafuu, hutajua cha kukishukuru wala cha kukitupa. Na usimtilie kitu kwenye chakula au kinywaji bila yeye kujua, hata kwa nia njema. Mgonjwa wa sonona tayari anahisi maisha yake yameponyoka mikononi; usimnyang'anye na kinywa chake.

Ninalotaka ulishike kwa mikono miwili ni kutembea. Mazoezi yana ushahidi mzito dhidi ya sonona, na ni nadra yagombane na dawa zilizo kabatini. Ila ukimwambia mtu aliyelala tangu asubuhi "fanya mazoezi", umemwongezea deni. Lengo la dakika 150 kwa wiki linaweza kusubiri. Anzia dakika tano. Mimi huweka viatu vyake vya kutembea karibu na vyangu, navaa vyangu, kisha namwambia, "Tufike pale kwenye kona, turudi." Akisema, "Mke wangu, leo siwezi," namuuliza kama anaweza kusimama nje ya mlango pamoja nami. Mara nyingi anaweza. Siku nyingine hawezi, nami naondoka peke yangu bila kununa, kwa sababu kununa kwangu kutafanya kesho iwe ngumu zaidi. Wanasaikolojia wana tiba nzima iliyojengwa juu ya jambo hili: hamu huja baada ya tendo, kwa hiyo tendo linapangwa kwanza, dogo kiasi cha kutoshindikana. Linaweza kuwa kuoga, kumwagilia maua, kumpigia ndugu yake mmoja simu.

Tembeeni asubuhi mkiweza, kwa sababu mwanga wa asubuhi hurekebisha saa ya mwili, na hata siku ya mawingu nje kuna mwanga mwingi kuliko sebuleni. Wanaoishi penye baridi ndefu yenye giza hutumia taa maalumu yenye mwanga mkali wa lux 10,000 (lux ni kipimo cha mwanga) kwa nusu saa kila asubuhi. Mwenye baipola au ugonjwa wa macho amuulize daktari kabla ya kuitumia.

Kuhusu usingizi, shikeni saa ya kuamka, ile ya kulala itajipanga. Saa hiyo iwe ileile hata siku za mapumziko. Kahawa iishie mchana. Pombe humlaza haraka kisha humwamsha usiku, na yenyewe huzamisha moyo. Kama ndiyo tiba anayojipa, hilo mlipeleke kwa daktari bila aibu. Chakula nakipitia haraka: mboga, matunda, kunde, samaki na nafaka zisizokobolewa, vyakula vya viwandani vipungue. Jaribio moja dogo la Australia, la 2017, liliwafuatilia wagonjwa 67 kwa wiki 12, nusu wakiwa na mshauri wa lishe na nusu wakiwa na mtu wa kuzungumza nao tu. Theluthi hivi ya kundi la lishe walitoka kwenye sonona, dhidi ya 8 kwa 100 wa kundi la pili. Siku asizoweza kula, ale chochote kinachopita.

Wanasaikolojia Jill Hooley na John Teasdale walichapisha mwaka 1989 utafiti uliowauliza wagonjwa wa sonona swali rahisi: mwenzi wako anakukosoa kwa kiasi gani? Jibu hilo lilitabiri nani angeugua tena vizuri zaidi kuliko vipimo vingine walivyotumia. Tangu nilipousoma huangalia ulimi wangu. Badala ya "umelala tena?" nasema, "Nimekuona umechoka, nikae hapa?" Kisha nakaa.

Na kuna swali la kuuliza kwa uwazi, bila kuzungukazunguka: "Umewaza kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo, humfungulia mlango. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa dawa za ziada, sumu na silaha, na mpelekeni hospitali au mpige simu ya dharura siku hiyohiyo.

Akianza kupata nafuu, atataka kuacha dawa. Wengi hutaka. Dawa za sonona huendelezwa kwa kawaida angalau miezi sita baada ya nafuu, na hupunguzwa taratibu kwa usimamizi, kwa maana kuziacha ghafla huleta kizunguzungu, wasiwasi na ugonjwa kurudi. Tumieni wakati huo wa nafuu kuandika pamoja dalili zake za mwanzo. Kwa mume wangu ni mbili: haendi kunyoa, na hapokei simu za dada yake. Tumekubaliana kwamba nikiziona zote mbili kwa wiki nzima naomba miadi kwa daktari, na yeye anakwenda bila kubishana.