Kabla ya Kuwasha Pampu Bondeni

Mvua za masika zikishakatika na majaruba yakaanza kupasuka, kila mtu bondeni anataka jambo moja tu: pampu iwashwe. Haraka hiyo ndiyo inayoua visima. Kwa bonde la mpunga linalotegemea visima virefu, kama Cheju kisiwani Unguja, matayarisho huanza wiki mbili tatu kabla, na hayaanzi kwenye swichi.

Jueni kwanza maji yamelala wapi. Pampu ikiwa imepumzika usiku kucha, teremsheni kamba yenye alama za mita, ncha yake imefungwa kipande kifupi cha bomba la chuma. Kikigusa maji mtasikia mlio wake. Kamba ipite kwenye kibomba cha kupimia ili isinase kwenye waya wa pampu. Andikeni kina na tarehe. Kisha washeni pampu kwa majaribio, na ikishavuta kwa saa kadhaa mpime tena. Ikiwa maji yamelala palepale pa mwaka jana lakini sasa yanashuka zaidi pampu ikivuta, basi huenda matundu ya bomba la kisima yameziba kwa mchanga au kutu, na kisima kinataka kusafishwa. Ikiwa yamelala chini kuliko msimu kama huu mwaka jana, maji ya ardhini yenyewe yamepungua. Hapo dawa ni kupunguza saa za kuvuta, si kuiteremsha pampu. Najua kuteremsha ndiko kunakopendwa, kwa sababu maji hurudi siku hiyohiyo na kamati ya bonde inapigiwa makofi.

Tatizo ni chumvi. Sehemu kubwa ya Unguja imekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye matundu, na maji matamu yatokanayo na mvua huelea juu ya maji ya bahari yaliyojipenyeza chini. Kwa hesabu inayotumiwa na wataalamu, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Mkiyashusha kwa mita 1 na yakabaki hapo, mmeupa mpaka wa chumvi nafasi ya kupanda mita 40. Haupandi kwa siku moja, lakini ukishapanda haurudi upesi. Kwa hiyo pimeni chumvi kabla ya msimu, kisha kila wiki, kwa kipimo cha mkononi kinachosoma mikrosimensi kwa sentimita, yaani jinsi maji yanavyopitisha umeme: chumvi ikizidi, namba hupanda. Mpunga huanza kupoteza mavuno maji ya kumwagilia yakizidi takriban 2,000. Msingoje mfike huko: namba ikipanda wiki hadi wiki, punguzeni kuvuta hata kama bado iko chini. Ulimi si kipimo. Wengi wetu tumekulia maji ya visima vya pwani na tunayaona matamu.

Pampu na umeme ni kazi ya fundi, ila kamati isimame pale. Asafishe boksi la swichi, maana mijusi na sisimizi hupenda kulala humo. Apime umeme wa laini zote 3 na ahakikishe kinga ya kuzima pampu laini moja ikikatika inafanya kazi, pamoja na ile ya kuizima maji yakiisha kisimani. Maji ya mwanzo yamwagwe nje ya mtaro mpaka mchanga uishe. Yakiendelea kutoa mchanga, zimeni. Wekeni pia akiba ya fedha ya jenereta ya kukodi. Tangu mwaka 2013 Unguja ina waya wa pili wa umeme chini ya bahari, wa megawati 100, lakini waliokuwa na mpunga shambani kati ya Disemba 2009 na Machi 2010, kisiwa kilipokosa umeme kwa takriban miezi 3, hawahitaji kuelezwa.

Mitaro ikaguliwe kuanzia mwisho, si kuanzia kisimani. Anayelima mkiani ndiye anayejua maji yanapopotelea. Tazameni maungio ya saruji, mashimo ya kaa na panya kwenye kingo, na malango yaliyoshikwa na kutu.

Msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wa kufyeka magugu na kuzoa tope ufanywe mapema asubuhi, na watu wavae buti. Kichocho bado kipo Unguja na Pemba. Konokono wanaokibeba hupenda maji yanayokwenda polepole penye majani, na vijidudu hutoka kwao kwa wingi zaidi jua linapokuwa kali, karibu na mchana. Kwa hiyo mtaro msafi unafikisha maji na pia unawanyima konokono makazi. Watoto wasiogee humo, na kando ya mtaro pasiwe mahali pa kujisaidia.

Mwisho ni zamu. Ziandikwe na kubandikwa kabla tone la kwanza halijatoka, zamu ya kwanza ikianzia mkiani mwa mtaro. Amueni pia nani anashika ufunguo wa chumba cha pampu, nani ananunua umeme, na nani ana haki ya kuizima pampu usiku kipimo cha chumvi kikipanda, bila kwanza kuitisha mkutano.