Jinsi ya kuombea mtaala uliohuishwa idhini ya chuo kikuu: kutoka idarani hadi Seneti, Baraza na TCU

Barua ya uteuzi huwa na aya mbili. Umeteuliwa kuwa mratibu wa kamati ya kuhuisha mtaala wa shahada fulani, na rasimu inatakiwa kabla ya kikao kijacho cha Bodi ya Ndaki. Haikwambii rasimu ipite wapi, wala kwa nini ile ya idara jirani ilirudi mara mbili. Mwongozo huu ni wa mhadhiri aliyepokea barua ya namna hiyo katika chuo kikuu cha Tanzania. Majina ya vyombo hutofautiana kidogo. Penye Ndaki (muungano wa idara kadhaa) na Rasi, mkuu wake, kwingine pana Kitivo na Amidi. Njia yenyewe haitofautiani sana, kwa sababu vyuo vyote vinafuata Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005 (Sura ya 346), Hati Idhini ya chuo husika na viwango vya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Vyuo vilivyo chini ya NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, vina utaratibu wao.

Nani anaamua nini

Wengi husema mtaala "unaenda Baraza". Kwa sheria, Seneti ndiyo chombo kikuu cha maamuzi ya kitaaluma: mitaala, mitihani, sifa za kujiunga, utoaji wa shahada. Mwenyekiti wake ni Makamu Mkuu wa Chuo, na ndani yake wamo wakuu wa ndaki na uwakilishi wa wanafunzi. Baraza la Chuo ndilo linalobeba sera, fedha, ajira na mali za chuo, na Seneti huwajibika kwake. Kwa hiyo swali la kama kozi ya mwaka wa pili ihamie mwaka wa tatu huishia Seneti. Swali la kama chuo kiajiri wahadhiri wapya wanne ili programu ifundishike, au ada ipande, haliwezi kuishia hapo. Soma kanuni za chuo chako ujue mpaka huo umewekwa wapi, maana huo ndio unaoamua urefu wa safari yako.

Hatua ya kwanza: pima ukubwa wa mabadiliko

Kubadilisha orodha ya vitabu vya rejea au kupanga upya mada ndani ya kozi ni marekebisho madogo. Vyuo vingi huyamaliza ndani. Kubadilisha jina la shahada, muda wa masomo, sifa za kujiunga, au sehemu kubwa ya kozi za lazima ni mapitio makubwa, na hayo lazima yafike TCU. Usijaribu kuyapitisha makubwa kwa sura ya madogo. Yupo mjumbe atakayefungua mtaala wa zamani na kuulinganisha na wako ukurasa kwa ukurasa, na akishagundua, hata yale mazuri uliyoandika yatasomwa kwa mashaka.

Angalia pia mipaka usiyoweza kuivuka hata Seneti ikikubali. Kiwango cha chini cha TCU kwa mwenye kidato cha sita wa miaka ya karibuni ni ufaulu wa masomo mawili ya msingi wenye jumla ya pointi 4.0. Idara inaweza kudai zaidi ya hapo, haiwezi kudai pungufu.

Hatua ya pili: kusanya ushahidi

Vyombo vyote vitakuuliza kwa nini unabadilisha, na "mtaala umepitwa na wakati" si jibu. Ushahidi unaohitajika ni wa aina tatu: tathmini ya mahitaji ya soko, utafiti wa kuwafuatilia wahitimu, na maoni ya wadau. Kwa programu zenye bodi ya taaluma, kama uhandisi, famasi, uuguzi au uhasibu, nenda kwenye bodi hiyo mapema. Mtaala mzuri ambao mhitimu wake hasajiliki ni hasara ya miaka minne ya mtoto wa mtu.

Kikao cha wadau kina ugonjwa wake. Tunawaalika wakubwa wa taasisi, wanafungua, wanapiga picha ya pamoja na kuondoka, kisha maoni yanatolewa na waliotumwa kuwawakilisha bila kuusoma mtaala. Afadhali uongee na msimamizi wa kazi anayekaa na wahitimu wako kila siku. Huyo atakwambia bila kona kwamba vijana wanakuja hawajui kuandika ripoti. Andika maoni yote kwenye jedwali: hoja, aliyeitoa, mlichofanya, na ukurasa ilipojibiwa. Mkikataa hoja, andikeni sababu. Jedwali hilo litakusaidia katika kila chombo unachopita.

Hatua ya tatu: rasimu, hasa hesabu za krediti

Mitaala mingi hurudishwa kwa sababu ya hesabu, na hili linaumiza kwa kuwa linazuilika kabisa. Katika mfumo wetu wa tuzo za vyuo vikuu, krediti moja ni saa 10 za ujifunzaji, zikiwemo za darasani na za mwanafunzi peke yake. Mwaka mmoja wa shahada ya kwanza ni krediti 120, na shahada ya miaka mitatu haipungui 360.

Chukua kozi ya krediti 12. Hiyo ni saa 120. Kama muhula una wiki 15 za kufundisha na kozi ina mihadhara ya saa tatu kwa wiki, umetumia saa 45. Semina ya saa moja kila wiki inaongeza 15, unafika 60. Zilizobaki 60 zigawe kati ya kujisomea, kazi za nyumbani na vitendo, na mgawo huo uonekane kwenye maelezo ya kozi. Kosa la kawaida ni kunakili mgawo mmoja kwenye kozi zote, hata ile ya maabara ambayo ratiba inaonyesha saa sita za vitendo kwa wiki. Jumlisha kila kozi, kila muhula, kila mwaka, kisha mpe mtu asiye wa idara yako ajumlishe tena.

Hesabu hiyohiyo ndiyo dawa ya tamaa. Krediti 120 kwa mwaka ni saa 1,200. Ukizigawa kwa wiki 30 unapata saa 40 kwa wiki, yaani ajira kamili. Idara ikiongeza kozi mbili za krediti 12 bila kuondoa hata moja, mwanafunzi anafika saa 48. Katika mapitio kila mhadhiri hutaka kuongeza kozi na hakuna anayetaka yake ifutwe. Mratibu anapaswa kusimama kidete hapa, maana asiposimama yeye, Seneti itasimama kwa niaba yake, na haitakuwa na upole.

Kuhusu matokeo tarajiwa ya ujifunzaji, epuka vitenzi visivyopimika. "Mwanafunzi ataelewa kanuni za ukaguzi" haitahiniki. "Ataandaa mpango wa ukaguzi wa taasisi ndogo" inatahinika. Kisha hakikisha kila tokeo la programu lina kozi inayolibeba. Lisilo na kozi lifute.

Hatua ya nne: mpango wa mpito

Sura hii huwa ya nusu ukurasa katika rasimu nyingi, na ndiyo inayoleta vilio miaka miwili baadaye. Mtaala mpya ukianza Oktoba kwa mwaka wa kwanza, waliopo wanaendelea na wa zamani mpaka wamalize. Hilo linafahamika. Sasa fikiria mwanafunzi aliyeahirisha mwaka wa pili kwa ugonjwa. Anaporudi, wenzake wamesonga mbele, na darasa analoliingia linasoma kozi ambazo kwenye mtaala wake hazipo. Au aliyefeli sapu (mtihani wa marudio) na kubeba kozi iliyofutwa: ataifanya wapi, na nani atamtungia mtihani?

Andaa jedwali la ulinganifu. Upande mmoja msimbo wa kozi ya zamani, upande wa pili ya mpya inayochukua nafasi yake, na krediti za zote mbili. Kozi isiyo na mbadala iandikiwe itaendelea kutahiniwa hadi mwaka gani. Taja tarehe ya mwisho ya mtaala wa zamani. Mwakilishi wa wanafunzi Seneti atauliza hili kabla ya profesa yeyote, na ana haki.

Hatua ya tano: vikao

Mtaala huanza kwenye kikao cha idara. Hakikisha akidi imetimia na muhtasari umeandikwa majina ya waliohudhuria, kwa kuwa mtu aliyenuna idarani anaweza kuibuka kwenye Bodi akidai hakushirikishwa. Kutoka hapo unakwenda Bodi ya Ndaki, kisha kamati ya Seneti inayoshughulikia shahada za awali au za uzamili, ikisaidiwa na kitengo cha uhakiki ubora, ndipo Seneti yenyewe.

Kila ngazi inahitaji dokezo lake. Liwe kurasa mbili au tatu, mtaala wenyewe uwe kiambatisho: madhumuni, chimbuko, mabadiliko yaliyofanyika (jedwali la "ilivyokuwa" na "inavyopendekezwa"), sababu, mahitaji ya watumishi, maabara na fedha, mpango wa mpito, na mwisho ombi. Ombi liandikwe kwa kitenzi sahihi. Bodi ya Ndaki huombwa *kujadili na kupendekeza kwa Seneti*. Seneti huombwa *kujadili na kuidhinisha*. Ukiiomba Bodi iidhinishe, katibu makini atakurudishia dokezo kabla halijaingia kwenye kablasha. Peleka nyaraka ndani ya muda uliotangazwa. Dokezo linalogawiwa asubuhi ya kikao husomwa na wachache na kushambuliwa na wengi.

Kumbuka pia kwamba Seneti anayesimama kueleza ni Rasi, na huenda wewe usialikwe kabisa. Mwandalie ukurasa mmoja wa maswali na majibu. Maswali yenyewe yanatabirika. Nani atafundisha kozi hizi? Onyesha majina na ngazi za wahadhiri mlionao leo, wala msiwaorodheshe walioko masomoni ng'ambo kana kwamba wako ofisini. Vifaa vipo? Kozi hii haifundishwi tayari ndaki nyingine? Swali hili la mwisho ndilo kali zaidi. Kila idara inaamini takwimu zake ni za aina ya pekee na haziwezi kufundishwa na watu wa Idara ya Takwimu. Kama mna sababu ya kweli ya kuwa na kozi yenu, iandikeni. Kama hamna, ongeeni na wenzenu mkubaliane kabla ya kikao, kwa sababu ugomvi wa ndaki mbili mbele ya Makamu Mkuu wa Chuo huishia kwa maneno mawili: "mkakae tena".

Uamuzi huja kwa sura tatu: kuidhinishwa, kuidhinishwa kwa masharti ya marekebisho, au kurudishwa. Ule wa katikati ndio wa kawaida. Usiondoke kwa kumbukumbu za kichwani. Omba dondoo la muhtasari lenye hoja zote, zijibu moja moja, na peleka majibu kwa aliyetajwa kuyahakiki. Marekebisho yasiyohakikiwa yatakusubiri kwenye "yatokanayo" ya kikao kijacho.

Hatua ya sita: Baraza, pale linapohusika

Programu mpya, idara mpya, ada mpya au ajira mpya vitalifikia Baraza, mara nyingi kwa kupitia kamati zake za fedha na watumishi. Wajumbe wengi wa Baraza wanatoka nje ya chuo: serikalini, kwenye biashara, kwenye taaluma mbalimbali. Hawatakuuliza kuhusu vitenzi vya matokeo ya ujifunzaji. Watauliza gharama kwa miaka mitano, idadi ya wanafunzi mnaotarajia, na itakuwaje wakija nusu yake. Dokezo la Seneti usilipeleke hapa kama lilivyo; liandike upya likianza na fedha. Programu inayorefushwa kutoka miaka mitatu hadi minne inamgusa pia mwanafunzi anayetegemea mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, kwa hiyo lazima mseme mwaka huo wa ziada unampa nini.

Hatua ya saba: TCU

Chuo ndicho kinachowasilisha, kupitia ofisi ya Naibu Makamu Mkuu wa Chuo (Taaluma) au kitengo cha ubora, si mratibu binafsi. Mtaala huingizwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa Tume pamoja na ushahidi wa idhini za ndani, ripoti za mahitaji na wadau, na taarifa za wahadhiri na miundombinu. Tume huwapa wataalamu wa fani hiyo wausome, na maoni yao hurudi chuoni. Jibuni hoja zote, hata zile mnazoona hazina uzito, na kwa lugha ya kiungwana. Nimesoma majibu yaliyoandikwa kwa hasira, na hakuna hata moja lililoharakisha kitu.

Hesabu muda kuanzia mwisho kurudi nyuma. Programu huonekana kwa waombaji kupitia mwongozo wa udahili ambao TCU huutoa kila mwaka kabla dirisha la maombi halijafunguliwa. Mtaala ukikosa toleo hilo, umeahirishwa mwaka mzima. Vikao vya Seneti ni vichache na vina ratiba, kwa hiyo kosa la hesabu lililoonekana kwenye kamati linaweza kugharimu miezi, si siku.

Idhini ikitoka, pelekeni nakala kwa ofisi ya udahili ili sifa mpya za kujiunga ziingie kwenye tangazo, kwa afisa mitihani wa idara, na kwa wanaosimamia mfumo wa matokeo ili misimbo mipya na krediti zake viwekwe kabla usajili wa kozi haujaanza. Mratibu akae nao siku wanapoingiza, mtaala ukiwa mkononi: krediti 12 iliyoandikwa 10 kwenye mfumo itajitokeza kwenye GPA (wastani wa alama) ya darasa zima.