Ongeza sauti ya pikapu, redio ya kiwandani ibaki

Mtu akiniletea Hilux iliyotoka Japani na kuniambia niing'oe redio, huwa namuuliza: kamera ya nyuma utaionea wapi? Na vitufe vya usukani? Halafu kuna baadhi ya redio za Toyota za Kijapani ambazo zikikosa moto wa betri hata kidogo hujifunga, zinaandika ERC na kudai namba ya siri. Ndiyo maana mimi redio siichomoi kabisa. Kasoro ya sauti mara nyingi iko kwingine: spika za karatasi, bati la mlango linalotikisika, na nguvu haba. Redio ya kiwandani hutoa wati 15 hadi 20 hivi za RMS, yaani nguvu halisi ya kudumu, kwa kila spika, hata ikiwa imeandikwa 50.

Anza na mlango. Fungua kava, toa spika ya zamani, kisha bandika vipande vya utepe mzito wa butili wenye karatasi ya alumini kwenye bati la ndani, hasa nyuma ya spika. Vitundu vya chini vya kutolea maji usivizibe, la sivyo masika yakija mlango utajaa maji na kuoza. Ikiwa spika mpya haitoshei tundu, kata pete ya kuishikilia kutoka kibao cha jikoni cha plastiki. Mbao za plywood hapa pwani hazidumu mlangoni. Soketi za rangi ya manjano ni za mifuko ya hewa, zipite mbali.

Ampu, yaani kikuza sauti, ya chaneli nne, wati 50 za RMS kila moja, inatosha kabini ya Hilux. Usidanganywe na boksi. Ikiwa limeandikwa wati 1000 na ampu yenyewe ina fyuzi ya ampea 20, zidisha 20 kwa volti 13.8: ni wati 276 zinazoingia. Hizo 1000 zitatoka wapi? Chagua ampu inayopokea sauti moja kwa moja kutoka waya za spika. Ukiikosa, nunua kile kisanduku kinachogeuza waya za spika kuwa RCA, zile plagi za duara za kuingizia sauti kwenye ampu.

Sasa waya, na hapa ndipo kazi nyingi za mjini huharibika. Zima gari, toa ufunguo. Tazama rangi za waya kwenye soketi ya spika mlangoni, kisha zitafute rangi hizohizo chini ya dashibodi, pembeni kwenye miguu, pale zinapoelekea mlangoni. Hakikisha kwa mita kabla ya kukata. Upande unaotoka redioni uingie kwenye ampu. Upande unaokwenda mlangoni upokee sauti kutoka ampu. Hivyo hulazimiki kupitisha waya mpya kwenye ule mpira wa mlango, shughuli ya kumtoa mtu jasho Februari. Angalia tu waya hasi ya spika inayotoka redioni isiguse bodi: hiyo si erthi, na ukiigusisha unaweza kuiua redio.

Waya ya moto iwe ya milimita 10 za mraba, ya shaba. Madukani kuna nyingi za alumini iliyopakwa shaba, na chumvi yetu inazila upesi. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, rudisha. Bora zaidi ni shaba iliyopakwa bati, ile wanayotumia mafundi wa boti; hiyo ni nyeupe juu, nyekundu ndani. Weka fyuzi ya ampea 40 isizidi sentimita 45 kutoka betri, lakini usiichomeke mpaka umalize kila kitu. Erthi iwe fupi, kwenye bati lililosuguliwa rangi, ikazwe kwa bolti, kisha ipakwe grisi. Ampu ikae nyuma ya kiti, iinuliwe isiguse sakafu inayolowa. Mwenye kubeba samaki kutoka Ngomeni kwa wavuvi ananielewa.

Geini, kile kirekebishi kilicho kwenye ampu, si ya kuongezea sauti. Inalinganisha ampu na redio. Weka besi na trebo za redio katikati, toa spika kwenye ampu, zima vichujio vyake, kisha cheza mlio wa hezi 100 kutoka flashi, redio ikiwa robo tatu ya sauti. Pima volti za AC panapotokea spika na uongeze geini hadi 14. Hiyo ndiyo wati 50 kwa spika ya omu 4. Rudisha spika, kisha uweke kichujio cha milango hezi 80, kizuie besi iliyo chini ya hapo. Besi hiyo iachie wufa, yaani spika ya besi, ndogo ya chini ya kiti, kama unayo.

Mtihani wenyewe si mbele ya gereji. Toka Malindi, vuka daraja la Sabaki, uingie barabara ya vumbi na sauti juu. Kava lolote lililolegea litajitaja.

Wenye malori ya Isuzu FRR, na Canter nyingi: mfumo wenu ni volti 24, na ampu ya 12 itaungua. Tumieni kipunguza volti kinachohimili ampea za ampu. Msichukue 12 kwenye betri moja kati ya mbili, maana moja itakuwa inachajiwa kupita kiasi na nyingine inakufa njaa.