Lipa namba kwenye meza ya dagaa

Nauza dagaa Kibirizi, hapa Kigoma mjini, na wateja wengi siku hizi wanalipa kwa simu. Kama nawe una meza na bado unapokelea kwenye namba yako ya kawaida, pamoja na hela za ndugu na za vikoba, tenganisha leo.

Nenda duka la kampuni ya simu, au kwa wakala unayemwamini, na kitambulisho chako cha NIDA, uombe lipa namba, yaani namba ya biashara ya kupokelea malipo ya wateja. Uliza mapema kama unahitaji TIN, namba ya mlipakodi. Andikisha jina ambalo wateja wanakujua nalo, maana mteja huliona kabla ya kuweka namba ya siri. Mimi humwambia, "Nisomee jina, baba." Akisoma lingine, tunaanza upya. Kitochi kinatosha, menyu haihitaji intaneti.

Sasa pale paliponiumiza. Asubuhi moja mitumbwi imeingia, watu wamejaa, kijana akanionesha simu yake: muamala umethibitishwa. Na yangu ikalia. Nikampimia sado tano, akaondoka. Jioni nikihesabu ndipo nikaona: meseji ilitoka kwenye namba ya mtu, si kwa jina la huduma, na salio lililoandikwa halikufanana kabisa na langu. Kwa hiyo simu ya mteja achana nayo. Angalia meseji yako, nani katuma, kisha ingia kwenye menyu utazame salio. Mzigo mkubwa usiufunge kabla ya hapo, hata mteja akinuna. Akipiga mtu anadai amekosea kutuma, usimrudishie kwa mkono wako. Mwambie apige huduma kwa wateja. Namba ya tapeli itume 15040.

Makato ndiyo yanayowakatisha tamaa wenzangu, na wana haki. Ukitoa kila jioni, faida inaishia kwa wakala. Muulize mwenye mtumbwi kama anapokea kwa simu, linganisha ada ya kumtumia na ya kutoa, umlipe kwa njia iliyo nafuu. Mtandao ukikata, pokea taslimu na uandike daftarini.

Kinachobaki nakiacha kwenye lipa namba hadi mbalamwezi, siku ambazo taa za wavuvi hazivuti dagaa na meza yangu inalala. Hapo ndipo natoa, mara moja, hela ya kula nyumbani.